Mama Alikufa kwa Sukari

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Naandika hilo kwanza kwa sababu siku ile aliyokufa, kabla hata jua halijazama, walikuwa wameshapatikana watu wawili wa familia yetu wenye habari nyingine ya kusimulia juu ya kifo chake. Kila mmoja aliipenda habari yake kuliko alivyompenda Mama.

Tulikuwa tunaishi wawili, mimi na yeye, Keshero, mtaa wa Goma, katika parseli, kiwanja nilichokijenga zamani nilipokuwa na nganda. Nganda yangu ilikuwa chumba kimoja cha mbao na kibaraza. Niliuza bia, kasiksi, ile pombe ya ndizi, na nyama ya mbuzi ya kuchoma. Nilikunywa pamoja na wateja, baadaye nikawa nakunywa wakishaondoka, na mwishowe nikawa nakunywa kabla hawajafika. Sitayaeleza sana maisha yale. Yalinuka. Mama alikuwa amekuja kutoka Butembo kuuza maharagwe, akaona hali yangu, akabaki. Kila asubuhi aliniwekea bakuli la uji mlangoni pa chumba, akaenda zake bila neno.

Watu wa kanisani hupenda kuniuliza niliachaje, wakitegemea kusikia kwamba nilitokewa na malaika. Hapana. Nilikuwa nasugua matapishi ukutani, nikashindwa kujua kama ni ya mteja ama ni yangu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, kinyaa kikanipanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno, na mpaka leo hakijashuka chote. Nganda niliigeuza nyumba ya chai. Chai, uji, maharagwe, mandazi. Wateja wengi walinicheka, wakaenda kunywa kwa jirani. Wachache walibaki, wakaleta wengine.

Kitu kimoja tu nilikitoa katika miaka ile ya nganda, nacho ni kuujua uso wa mtu aliyelewa. Shingo inavimba. Kidole kinanyooshwa. Sentensi moja inarudiwa na kurudiwa, kila mara kwa sauti zaidi, kana kwamba wewe ndiye kiziwi. Halafu asubuhi mtu yule yule anapita mbele ya mlango wako amechana nywele na kusema, “Mimi sikusema vile.” Mji ulipobadilisha mikono, risasi zikanyamaza na sisi tuliobaki tukatoka nje kutafuta maji, nilianza kuona uso ule kwa watu waliokuwa hawajagusa hata tone. Walikaa kwenye kibaraza changu na vikombe vya chai, shingo zimevimba. Huyu upande wa waasi waliouchukua mji, yule upande wa serikali ya Kinshasa. Mtu aliyezika watoto wawili wa dada yake wiki moja kabla alikuwa anapiga meza kwa ajili ya wakubwa ambao hata wakikutana naye njiani hawatamjua. Nilikuwa nawamiminia chai nikitazama vidole vyao, nikisikia kinyaa kile kile.

Na nyumbani kwetu haikuwa tofauti.

Tulizaliwa watatu tuliokua. Mimi ndiye mkubwa, na wadogo zangu wananiita yaya, yaani dada mkubwa. Anayenifuata ni mwanaume, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyebaki Butembo kwetu, mji ambao bado ulikuwa wa serikali. Wa mwisho ni mwanamke, ameolewa, anakaa Himbi, mtaa mwingine wa Goma. Mume wake alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali. Wakubwa wake walipokimbia, yeye alibaki, na baada ya muda mfupi akapewa kiti kikubwa kuliko kile alichokuwa nacho. Sikumlaumu kwa kubaki. Sote tulibaki, tungeenda wapi? Kilichonichukiza ni haraka aliyojifunza nayo kusema “sisi”. Jumatatu walikuwa “wale”, Ijumaa walikuwa “sisi”.

Mdogo wangu wa Butembo naye alikuwa na duka Kanyabayonga, na vita vililimaliza duka lile, vitambaa vyote moto. Hasira yake ilikuwa na haki. Lakini aliifanya kuwa kazi. Kila siku alituma sauti ndefu kwenye grupu ya familia ya WhatsApp: aliyebaki Goma ni msaliti, mtoto wa Butembo hawezi kukaa meza moja na watu wale, siku ya kuhesabiana inakuja. Shemeji yetu wa Himbi alijibu kwa vicheko. Mama alikuwa amelala kitandani na mguu wake umefungwa bandeji, akisikiliza yote kwa sababu ukuta wetu ni mbao.

“Muzime ile telefone,” aliniambia siku moja. “Inanichokesha kuliko muguu.”

Nakumbuka Jumapili moja, shemeji alikuja kumsalimia baada ya misa. Alikaa kando ya kitanda, akatoa telefone akanionyesha video. Kijana amelala kifudifudi katikati ya barabara, suruali imeshuka, kiatu kimoja hakipo, na sauti za watu wanacheka. “Unaona ginsi tuko nabafanya?” akasema, na yeye akacheka. Jioni ile ile mdogo wangu akatuma video kwenye grupu. Kijana kifudifudi, suruali imeshuka, kiatu kimoja hakipo. Chini yake aliandika kwamba adui amekiona cha moto. Ilikuwa maiti ile ile. Huyu alimcheka kama adui wa upande huu, yule alimcheka kama adui wa upande ule, na hakuna hata mmoja aliyejua ni mtoto wa nani. Niliiweka telefone kwenye meza, nikaenda nje kukaa kwenye mawe, nikatema mate mpaka mdomo ukakauka.

Dawa ya Mama, ile ya kudunga, ilikuwa ngumu kupatikana miezi ile. Famasi niliyozoea ilikuwa imefungwa, nyingine zilikuwa na rafu tupu. Nikawa navuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, nainunua kule, nairudisha ndani ya termosi yenye barafu. Mdogo wangu aliposikia, akapiga simu.

“Yaya, usimupe Mama dawa ya kule kwa adui.”

“Ile ya Butembo utaipitisha wapi?”

Njia ya Butembo ilikuwa imekatwa na mstari wa vita, ndege zilikuwa haziruki, na yeye alijua.

“Hata hivyo,” akasema.

“Hata hivyo nini?”

Alikata. Nikamdunga Mama dawa ya Gisenyi, naye akasema “wasingya”, asante ya kwetu, kama alivyosema kila siku kwa kila kitu.

Lakini dawa ilichelewa, na kidonda cha mguu hakikungoja. Kilianza kwenye kidole kidogo, kikala kisigino, kikapanda. Daktari alisema tukate. Mama alikataa, akasema amekuja duniani na miguu miwili. Nilikiosha asubuhi na jioni. Harufu yake siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia, na aliyewahi kuisikia hahitaji maelezo. Nilichoma ubani, nikaweka ndimu, nikafungua madirisha, na bado wateja kwenye kibaraza walisogeza viti.

Alikufa asubuhi, jua likiwa limeshapanda, nikiwa nafungua bandeji. Alishusha pumzi moja ndefu kama mtu aliyeweka chini gunia la maharagwe, asivute nyingine. Nilimaliza kufungua, nikaosha, nikafunga bandeji safi. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Mchana, tuliporudi kutoka morgi ya hospitali tulikomlaza Mama, turubai lilikuwa limeshafungwa uani na wanawake wa jumuiya wanaimba. Nikafungua telefone kuwajulisha watu wa mbali, nikakuta mdogo wangu wa Butembo, aliyeambiwa asubuhi na mdogo wetu wa Himbi, amenitangulia. Ameweka picha ya Mama akiwa na kitenge chake cha sherehe, na maneno: “Mama yetu ameuawa na adui. Walifunga njia, dawa haikupita.” Chini yake watu nisiowajua walikuwa wamepanga vipicha vya mishumaa na ngumi.

Nikiwa bado nasoma, shemeji aliingia na watu watatu wa ofisi yake na kaziye za bia, makreti mazima, zimebebwa kichwani na vijana. Alinikumbatia. Kisha akanivuta pembeni.

“Yaya, wakubwa batakuja siku ya kuzika. Batatoa pole, bataleta maua. Na kamera itakuwa. Inafaa batu baone kama hata familia ya Butembo iko pamoja na siye.”

Nilimwangalia. Alikuwa na furaha. Alijaribu kuificha, akashindwa, midomo yake ilikuwa inamcheza.

Nikarudi kukaa kati ya wanawake. Watu wa shemeji walifungua chupa, na harufu ikaja mpaka kwenye mkeka wetu. Mwanamke mmoja, mke wa binamu yetu, akaniletea glasi. “Kunywa kidogo, mama. Leo ni kilio, Mungu atasamehe.” Mate yalinijaa mdomoni. Tamaa na kinyaa vilikuja pamoja, sikuweza kuvitenganisha. “Hapana, aksanti,” nikasema. Akaiweka chini mbele yangu hata hivyo, nikaisukuma kwa mguu mpaka nje ya mkeka.

Mdogo wangu wa Butembo alifika siku ya tatu, mchana. Alikuwa amepita Kasindi, akaingia Uganda, akazunguka kote kule, akaingia tena Congo kwa Bunagana, akashuka Rutshuru na Rumangabo, na kila kizuizi moyo wake ukimruka. Niliona hofu ile usoni mwake alipoingia getini, vumbi limemfanya mzee. Alilia kwa sauti kubwa, akajitupa chini, wanaume wakamwinua. Nilimpenda wakati ule. Kisha wakampa kiti na chupa, na baada ya chupa ya pili shingo ikaanza.

“Mama hawezi kuzikwa hapa,” akasema, kwa sauti iliyosikika uani kote. “Tunamurudisha kwetu.”

“Kupitia wapi?” nikamuuliza.

“Uganda. Nimepita, najua.”

“Morgi banasema umeme inakatika kila saa. Muguu ulianza kuoza angali muzima. Unataka avuke mipaka miwili namna hiyo?”

“Njo vile banakufundisha kusema?”

“Nani ananifundisha?”

“Unajua nani. Tutamuzika Mama chini ya bendera yabo?”

Shemeji alikuwa amekaa upande wa pili wa uani na watu wake. Alicheka puani. “Mumwache. Shujaa wa telefone. Vita anapigania kwa kidole.”

Mdogo wangu alisimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake. “Na weye? Mutumwa! Uko nalamba sahani yabo na unacheka!”

Shemeji hakusimama. Alitoa telefone mfukoni, akaiweka juu ya meza kati ya chupa, taratibu, kama mtu anayeweka karata.

“Nikipiga simu moja tu,” akasema, “hautaiona tena Butembo.”

Wanawake waliacha kuimba. Mdogo wangu wa mwisho, mke wa shemeji, alikuwa ameshika mwiko wa bugali mlangoni pa jiko, akabaki nao hewani. Hakuna aliyecheka, kwa maana wote pale tulijua mtu fulani, au mtoto wa mtu fulani, aliyechukuliwa kwa simu moja.

Baadaye watu walisema nilikuwa mtulivu siku ile, wengine kwa sifa, wengine kwa lawama. Mimi sikuuona utulivu. Niliona uchovu, na kinyaa cha zamani kilichokaa muda mrefu mpaka kikatua chini kama machicha. Chumba changu cha mbao kilikuwa kimeshaniletea jioni nyingi za namna hii: wanaume wawili, chupa, sentensi ambayo haiwezi tena kurudishwa kinywani. Nilijua mambo machache. Mlevi haambiwi “tulia”, neno hilo linamwasha. Usisimame katikati. Mtafute kati yao yule ambaye bado anasikia, uanze na huyo.

Nikatazama mikono. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa umekunja ngumi, umekufa, hausikii kitu. Mkono wa shemeji haukuwa kwenye telefone. Ulikuwa kwenye goti lake, unajifuta jasho kwenye suruali. Amejitisha mwenyewe, nikajua. Basi nikaanza na yeye. Nilichukua sahani ya bugali na sombe kutoka kwa wanawake, nikapita uani bila haraka, nikaondoa chupa mbele yake, nikamwekea sahani kwenye magoti ili mikono yake ipate kazi.

“Shemeji,” nikamwambia kwa sauti ya chini, “bibi yako, mudogo wangu, hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nitamuleta hapa. Kula naye.”

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akashika sahani, kwa maana ingeanguka. Nikamwita mdogo wangu wa mwisho kwa ishara ya kichwa, akaja na mwiko wake, akakaa kando ya mumewe. Kisha nikaenda kwa yule mwingine.

“Kuya huku,” nikamwambia. “Kuna kitu cha Mama unapashwa kuona.”

Kwa jina la Mama alifuata. Nilimwingiza chumbani, nikafunga mlango. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ya bandeji za siku zile za mwisho. Nilikuwa sijapata nafasi ya kuzichoma. Niliivuta, nikafunua kifuniko.

“Nusa.”

“Yaya, acha.”

“Nusa. Hii njo ilimuua. Haina bendera.”

Aliinama. Akatapika pale pale, bia na chai ya njiani, kando ya kitanda. Nilileta majivu, nikamwaga, nikafuta. Ukutani palikuwa pamerukiwa pia, nikafuta ukuta. Yeye alikaa kwenye kitanda cha Mama akilia, safari hii kidogo kidogo, bila sauti ya kusikika nje.

“Uliandika Mama ameuawa,” nikasema nikiwa bado nimepiga magoti. “Futa.”

“Dawa ilikosekana. Si kweli?”

“Ni kweli.”

“Si juu ya vita?”

“Ni juu ya vita. Andika vile basi. Andika dawa ilikosekana, yaya alivuka mpaka kuitafuta, Mama alikataa kukatwa, alikufa kwa sukari. Yote. Ukiandika kipande kimoja tu, umemuuza.”

Alitoa telefone. Alifuta ile picha na maneno yake. Yale mengine hakuyaandika, wala siku ile wala baadaye. Yalikuwa marefu, na hayakuwa na mtu wa kupigiwa ngumi.

Nilimwacha alale. Nikachukua ndoo kwenda kuzichoma zile bandeji nyuma ya choo, na hapo getini shemeji alinisimamisha. Alikuwa ameshakula, watu wake walikuwa wanaondoka. Alirudi kwenye habari yake ya kamera.

“Waje,” nikamwambia. “Wakae kwenye viti kama wengine, wale maharagwe, watoe pole. Kamera hapana.”

“Yaya, haujui ginsi kazi iko. Nimekwisha kubaambia.”

“Kamera ikikuja, nitaleta hii ndoo mezani, mbele yake, na nitasema mguu wa Mama ulikuwa namna gani.”

Kifuniko kilikuwa hakijakaa vizuri. Harufu ilimfikia, akarudi hatua nyuma, akashika pua.

“Weye ni mulevi,” akasema. “Mulevi haponi.”

“Ndiyo,” nikajibu. “Kwa hiyo unajua naweza kufanya.”

Miaka ya nyuma neno lile lingenipeleka kununua chupa. Sasa lilipita kama mtu anayekuita jina la zamani. Nilikuwa nimeitwa hivyo na watu wenye sauti nzuri zaidi ya yake, mbele ya watoto wangu walipokuwa bado nyumbani, kanisani. Hakuwa na kitu kipya cha kunipa. Nikaenda kuchoma bandeji, na moshi wake ukanitoa machozi ambayo kilio chenyewe kilikuwa hakijanitoa.

Tulimzika Mama siku iliyofuata. Wakubwa hawakuja. Shemeji alisema wana mkutano, na sikuuliza aliwaambia nini. Makaburini kaburi lilikuwa halijaisha. Goma ni mawe ya volkano, unachimba udongo mpaka kwenye goti, halafu unakutana na jiwe jeusi lililokuwa moto zamani, na hapo ni baramini, mtaimbo wa chuma, na nyundo. Wachimbaji walikuwa wanne, jasho linawatiririka, vyuma vinatoa cheche. Sisi tulisimama kwenye jua na jeneza limewekwa juu ya viti viwili. Padri alitazama saa yake. Shemeji alibaki ndani ya gari, vioo vimefungwa, akiongea kwenye telefone.

Mdogo wangu alivua koti, akaruka ndani ya shimo, akanyang'anya mtu baramini. Nilidhani amepata akili. Alipiga mara chache, viganja vikachubuka, akasimama na kuanza kuwaeleza wachimbaji kwamba jiwe hili ni la babu zetu, hakuna mgeni atakayelichukua, siku inakuja. Ndani ya kaburi la mama yake, kidole juu.

Mchimbaji mmoja alijifuta uso kwa fulana. “Papa,” akasema, “chimba ama toka.”

Wanawake wengine waligeuka kuficha kicheko. Mimi sikuweza kucheka. Alitoka, akasimama kando yangu akivuta kamasi. Shimo halikufika kina tulichotaka. Tulimshusha hivyo hivyo, tukajaza mawe, na juu ya mawe udongo ulioletwa kwa magunia.

Alirudi Butembo kwa njia ile ile ya kuzunguka. Alipofika alinitoa kwenye grupu ya familia. Niliambiwa na binamu kwamba aliandika nimemzika Mama kwa haraka ili kuwafurahisha wenye mji. Shemeji naye alimkataza mke wake kufika kwangu, akisema kwangu ni nyumba ya watu wa Kinshasa. Kwa hiyo nilikuwa msaliti wa pande zote mbili kwa mazishi yale yale. Kwenye kibaraza wateja fulani waliacha kuja. Mmoja, mwalimu aliyestaafu niliyempenda, aliniuliza mbele ya wengine, “Lakini mama, weye uko upande gani, tujue?” Nikamwambia nina mama aliyekufa na nina sufuria jikoni. Alisukuma kikombe, akaenda. Hakurudi. Iliniuma, na inaniuma nikimwona anapita upande wa pili wa barabara na mwavuli wake.

Mdogo wangu wa mwisho alikuja kwa kujificha, siku ya soko, kapu la mboga mkononi kama kisingizio. Tulikaa chumbani kugawa vitenge vya Mama. Tulivikunjua kimoja kimoja, tukavinusa, tukavikunja. Aliniambia mume wake hali chakula vizuri. Kuna mtu mwingine anayetakiwa kwenye kiti chake, mtu wa karibu zaidi na wakubwa. Gari likisimama nje, mume wake anachungulia dirishani.

“Naogopa, yaya,” akasema. “Akifukuzwa na hawa, wale wengine wakirudi watamufanya nini?”

Nilikunja kitenge kingine. Nilikuwa nimemchukia mume wake kwa miezi mingi, na sasa nilimwona akilini amesimama nyuma ya pazia na fulana ya kulalia. Chuki haikuondoka. Ilikosa tu mahali pa kukaa.

“Ginsi gani weye haukasirike?” akaniuliza.

“Niko nakasirika kila siku. Kasirani niko naiacha ipite, siinywe.”

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya nchi nyingine. Alichagua vitenge vyake, nami vyangu, na fungu la tatu tukaliweka kwenye mfuko kwa ajili ya mke wa kaka yake. Yeye hakuthubutu kuutuma, kwa hiyo nilimpa mama mmoja mfanyabiashara anayezunguka Uganda.

Baada ya wiki kadhaa mdogo wangu wa Butembo alipiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alisema vitenge vimefika, mke wake ameshona kimoja, asante. Aliuliza kama kaburi limetitia. Nikamwambia mvua imeshusha udongo upande mmoja, nitapeleka magunia mawili. Nikasikia chupa inagonga glasi, akameza. Halafu akaanza: wale watu, siku inakuja, nyinyi mliobaki. Niliiweka telefone juu ya meza ya jikoni, nikaenda kuwamiminia wateja watatu chai, nikarudisha chenji, nikafuta kaunta. Niliporudi alikuwa bado anaendelea, sentensi ile ile. Nikamwambia maji yanachemka, anisalimie watoto, nikakata.